Kanyago la Mvua

Ezekia Mligo hakuwa na macho. Hakuwa na mke, maana aliyekuwa naye alitangulia mwaka ule viazi vilipooza mashambani, naye hakupata hamu ya kuoa tena. Hakuwa na mtoto wa kumshika mkono, wala mbwa, wala jino hata moja la upande wa kushoto. Hakuwa na cheti cha shule yoyote inayofundisha mchana. Hakuwa na subira na watu wanaompigia kelele wakizungumza naye, utadhani upofu ulimshukia masikioni. Na tangu alipofikisha miaka hamsini na nane, hakuwa na kiongozi wa njia. Hili la mwisho hakulihesabu kuwa upungufu. Alilivaa kama wengine wanavyovaa nishani.

Simu yake ilikaa chini ya shati, imebanwa kwenye mtulinga kwa mkanda wa ngozi alioushona mwenyewe. Haikusema kwa sauti ya kusikika na wapita njia. Ilisema kupitia mfupa, maneno yakapanda shingoni na kuingia kichwani kana kwamba ni mawazo yake. Alipotembea ilitoa mlio mdogo, tik, tik, kama mjusi ukutani. Mlio huo ulipogonga ukuta, au ubavu wa malori ya magogo yasiyo na dereva wala ngurumo, ulirudi, na simu ikamwambia: lori, kulia, hatua nne, limesimama.

Lakini mwangwi haujui duka la dawa liko wapi. Haujui kwamba ngazi ya tatu ya posta ina jiwe lililolegea. Mambo hayo yalitoka katika Unyayo, ramani ya mji wa Luhanga iliyotengenezwa na vipofu wa mji huo, arobaini na mmoja, kwa miguu yao. Kila mahali pa kukata kona, kila daraja, kila mtaro, palikuwa na alama, na kila alama ilisema kwa sauti ya yule aliyeikanyaga. Kwa ajili ya Unyayo, miaka sita iliyopita, Baraza la Mji lilikubali kwa shingo upande kuwapa vipofu vibali vya kutembea peke yao.

Jumatatu hiyo asubuhi Mligo alikuwa kibandani kwake akinyosha ringi ya baiskeli ya muuza maziwa. Aligusa spoku moja moja kwa ukucha na kusikiliza. Iliyolegea ilikoroma, iliyokazwa mno ililia kama mbu, naye alikaza hii na kulegeza ile mpaka gurudumu zima likaimba sauti moja. Pembeni yake Mama Sekela, jirani wa miaka mingi, alimenya viazi vya chipsi na kuusengenya mji mzima bila kumbakiza mtu.

"Nyamaza, Mama Sekela," Mligo akasema. "Anakuja Mngoni."

"Umemjuaje?"

"Viatu vyake vinasema uongo. Vinalia kama vya tajiri, lakini soli imetoboka."

Aliyefika alikuwa Kasiani Ndunguru, afisa wa Kampuni ya Njiasalama iliyochunguza ajali za njiani kwa niaba ya Baraza, kijana wa miaka kama thelathini na mitano.

"Kamwene, Mzee Mligo."

"Mngoni hata akisalimu Kibena anasikika kama anaiba kuku. Kamwene. Kaa hapo kwenye ndoo."

"Mababu zangu walichukua ng'ombe, mzee. Kuku mlikuwa mmewaficha uvunguni, na ninyi wenyewe mlikuwa humo humo."

Mama Sekela akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Mligo naye akatabasamu, maana Wabena na Wangoni ni watani, na mtani hajibiwi kwa hasira. Lakini Ndunguru hakuendeleza utani. Akatoa karatasi kwenye mkoba.

"Nimekuja kwa ajili ya Mwalimu Oliva," akasema.

Oliva Nyagawa alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari ya ng'ambo ya mto, kipofu tangu kuzaliwa, na hakuna mwenye kibali aliyekuwa na mwendo wa haraka kama wake. Kwa miaka mitano siku za mvua alivuka kwa gari la shule, lakini Alhamisi iliyopita gari halikuwapo, akawa anarudi shuleni kutoka mjini kwa miguu, akaanguka kwenye korongo la Mto Ihela.

"Nisomee," Mligo akasema.

Ndunguru akasoma. "Saa kumi alasiri, mvua ikinyesha, mwalimu alivuka ukingo wa korongo, hatua thelathini kabla ya daraja. Amevunjika paja. Alama namba mia tatu na kumi na mbili, Daraja la Ihela, imekanyagwa mara tatu kwa mujibu wa kanuni: kavu, mvua, soko. Mkanyagaji ni Ezekia Mligo. Alama haina kasoro. Hivyo basi, mwalimu alizembea." Akakunja karatasi. "Linabaki dole gumba lako, mzee. Uthibitishe kwamba alama ni sahihi."

"Nisipothibitisha?"

Ndunguru akasogeza ndoo karibu. "Mzee, nitakuambia jambo ambalo sikutumwa kukuambia. Baraza linakaa Ijumaa. Alama ikiwa sahihi, aliyekosea ni mtu mmoja. Mwalimu ananyang'anywa kibali, anavishwa Mkono, yamekwisha. Alama ikiwa na kasoro, basi uliokosea ni Unyayo. Baraza litaufunga, na wote arobaini na mmoja mtavishwa Mkono. Wakubwa zangu wanaomba iwe hivyo. Lakini wewe ulinizibia pancha nikiwa darasa la nne, sijasahau. Nimekuletea njia nyembamba. Pita."

Mkono ulikuwa huduma mpya ya Njiasalama. Nao ulikuwa simu, nao ulikaa kwenye mtulinga, ila ulijua njia zile tu zilizoidhinishwa na kampuni. Mzee Chaula, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa amepewa wa majaribio. Jumapili ya kwanza alitoka ibadani akashika kichochoro cha nyuma ya kanisa kuelekea kilabu cha ulanzi, pombe ya mianzi, kama alivyofanya Jumapili zote tangu ujana wake. Hatua ya kumi Mkono ulimwamuru asimame. Hakusimama. Ndipo ulipopiga yowe lililosikika hadi sokoni: Mtu mwenye mahitaji amepotea! Tafadhali msaidieni! Uliendelea hivyo bila kukoma, watu wakamzunguka, mwingine akamshika kiuno, mwingine akampa ndizi, mpaka mjukuu wake akatolewa kwaya kuja kumchukua. Mzee aliyelea watoto watano na kuzika ndugu wanane. Tangu siku hiyo ulanzi aliuacha, na kanisa pia.

"Niachie karatasi," Mligo akasema. "Njoo Jumatano."

"Mzee, ni dole tu."

"Dole ni langu. Jumatano."

Viatu vya Ndunguru vilipokwisha kupotea, Mama Sekela akauliza, "Mbona hukuweka? Si unaijua alama yako?"

Mligo alikuwa amekaza spoku moja hadi ikakatika.

*

Kanuni ya makanyago matatu aliitunga Mligo mwenyewe, akaipigania kwenye chama hadi usiku wa manane, na wenzake wakampa jina la Mzee Tatu. Mkanyagaji aikanyage njia pakiwa pakavu, apate hatua zake. Aikanyage siku ya soko, ajue inavyokuwa watu na punda na vipaza sauti vinapofunika kila kitu. Na aikanyage mvua ikinyesha, kwa sababu mwangwi hufa kwenye mvua. Matone huvuruga ule mlio wa mjusi, simu haioni ukuta wala gari, na kipofu hubaki na alama peke yake. Ndiyo maana alisema mara elfu: kanyago la mvua ndilo kanyago lenyewe, mengine mawili ni mazoezi.

Sasa Novemba moja, miaka mitano iliyopita, mvua ilichelewa. Alama zote za njia ya sekondari zilikuwa tayari isipokuwa ya Ihela. Shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa, na Oliva, wakati huo mwalimu mpya, msichana mwenye sauti ya haraka, alimpigia kila asubuhi: "Mzee Mligo, tayari?" Siku tisa alikaa kibandani na koti la mvua magotini, akinusa upepo. Siku ya kumi hakukuwa na wingu. Mligo alizaliwa umbali wa kurusha jiwe kutoka mto ule. Aliujua Ihela, alijiambia, kama ulimi unavyolijua pengo. Akaigusa simu, akasema: "Mvua, tayari."

Maneno mawili. Hakuyafikiria tena kwa miaka mitano.

Jumatatu hiyo mvua haikuchelewa. Ilipofika saa tisa ilishuka kwa ghafla, kama inavyoshuka nyanda za juu, kubwa na baridi. Mligo alivaa koti, akachukua fimbo yake nyeupe.

"Unakwenda wapi na mvua hii?" Mama Sekela akapiga kelele. "Utakufa na kichomi, nami sina muda wa msiba wiki hii!"

"Nakwenda kazini," akasema. "Nimechelewa miaka mitano."

Alishuka barabara ya msikiti, akapita ghala la viazi. Simu ikamwambia mfupani, "Mwangwi umezibwa na mvua. Fuata alama." Akakata kona ya kiwanda cha mbao. Hapo ndipo alipoisikia sauti yake mwenyewe, ya miaka mitano iliyopita, imetulia, haina shaka hata chembe: *Daraja la Ihela. Nenda moja kwa moja. Maji yakifika sikio la kulia, hesabu hatua kumi na mbili, kata kushoto, nyosha mkono, utashika chuma cha daraja.*

Mligo alikwenda moja kwa moja. Aliamua kutojua kitu. Aliamua kuwa mwalimu, mgeni wa njia hiyo kwenye mvua, anayemwamini mzee wa chama. Mvua ililia juu ya mabati ya kiwanda kama punje za mahindi zinazomwagwa. Kisha, upande wa kulia, akasikia maji. Mengi, mazito, yanagonga mawe.

Akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika nane moyo ulikuwa umekwisha kujua, lakini miguu aliiamuru iendelee. Kumi na moja. Kumi na mbili. Akakata kushoto, akanyosha mkono.

Hakuna chuma. Akatanguliza fimbo. Hakuna chini. Fimbo ilining'inia hewani, na kutoka chini sana, mbele ya vidole vya miguu yake, Ihela wa kweli ukamnong'onia.

Alirudi kinyumenyume, hatua kumi na mbili, akipapasa. Yale maji ya kulia yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye mfereji wa paa la kiwanda, juu ya rundo la mawe ya msingi. Siku za jua mfereji haukuwa na la kusema. Siku za mvua ulisema kama mto, hatua thelathini kabla ya daraja. Mtu mwenye macho asingeweza kukosea namna hiyo hata angelewa. Asingesikiliza maji, angetazama daraja. Ni kosa la mtu anayejenga mji kwa masikio, na dawa yake ilijulikana, nayo ilikuwa kanuni ya Mligo mwenyewe.

Kabla ya kuondoka aliifunga alama, asije akaanguka mwingine. Simu ikauliza sababu. Mligo alisimama, maji yakimwingia shingoni.

"Matengenezo," akasema.

Akarudi nyumbani, na neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

*

Kesho yake alikwenda hospitali. Wodi ya mifupa ilinuka dawa na uji. Mguu wa Oliva ulikuwa umening'inizwa kwa kamba yenye mawe ya uzito, na mwenyewe alikuwa amekunja mikono kifuani, kama mwalimu anayesubiri darasa linyamaze.

"Shikamoo, Mzee Mligo."

"Marahaba, Mwalimu. Sikuleta machungwa."

"Afadhali. Nimeletewa machungwa ya kufungua gulio. Kila anayeniona mzembe ananiletea machungwa."

Mligo akavuta kiti. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini alipokaa yalimpotea yote, akasema tu: "Sikuikanyaga kwenye mvua."

Kwenye kitanda cha pili mgonjwa alikohoa.

"Rudia," Oliva akasema.

"Alama ya Ihela. Kanyago la mvua sikulifanya. Nilisema tayari, na haikuwa tayari. Jana nimekwenda. Mfereji wa kiwanda cha mbao unalia kama mto. Wewe ulihesabu kumi na mbili, ukakata kushoto, kama nilivyokuambia."

Alichosikia baada ya hapo hakukitegemea. Oliva alikuwa analia, lakini kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Siku tano," akasema. "Siku tano nimelala hapa najiuliza kama niliruka namba. Mimi! Nafundisha watoto kuhesabu, na nimekaa najihesabia hatua kichwani, moja, mbili, tatu, natafuta niliposahau. Nilikwisha kuamini, Mzee. Jana nilimwambia yule Ndunguru, andika nilizembea." Akafuta uso kwa shuka. "Mungu akulaani, Mzee Mligo."

"Amina," Mligo akasema, na alimaanisha.

"Sasa unataka nini? Nikusamehe?"

"Hapana. Nimekuja kukuambia kwamba nitaliandikia Baraza."

"Wakufanye nini? Unajua watakachofanya! Hawatakugusa wewe. Watafunga Unyayo. Watatuvisha Mkono wote, tupigiwe mayowe barabarani kama mbuzi waliokata kamba."

"Nikinyamaza, watakuvisha wewe."

"Basi nivae! Paja langu limevunjika, si lao. Usinihurumie."

"Sikuhurumii, Mwalimu. Miaka sitini nimehurumiwa, naijua harufu yake. Nimekukosea. Hayo ni mambo mawili."

Oliva akagonga ukingo wa kitanda kwa vidole.

"Umewauliza wenzetu?" akasema. "Ni miguu yao pia."

"Sijawauliza."

"Waulize. Leo. Kila mmoja. Na usiwaambie umeshaamua."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ninasema una kichwa kigumu, na kwamba ungenipigia simu Novemba ile kuniambia bado, ningesubiri." Akakunja tena mikono kifuani. "Ukiandika, usiandike kama unayeomba. Nimesoma barua za chama chetu. Tunaomba, tunanyenyekea, tunatanguliza shukrani. Kosa ni kosa la kazi. Liandike kama mtu mwenye kazi."

*

Jumanne yote mchana Mligo alipiga simu. Aliwapata thelathini na tisa, ukimtoa Oliva na yeye mwenyewe. Ishirini na wawili walimwambia anyamaze. Kumi na watatu walimwambia aseme. Watatu walimtukana matusi ambayo Mama Sekela aliomba arudiwe. Mzee Chaula peke yake hakupiga kura. Aliuliza tu: "Ukinyamaza, Ezekia, yule binti atapigiwa yowe lile?" Mligo akasema ndiyo. Chaula akakata simu.

Jumatano asubuhi alikaa kibandani, akaweka kibao cha nukta nundu juu ya meza ya vifaa, akachukua msumari wake. Ndunguru alipofika alikuta ukurasa wa kwanza umekwisha na wa pili umeanza. Safari hii hawakutaniana.

"Karatasi yangu, mzee?"

"Hiyo hapo chini ya koleo. Haina dole."

Ndunguru akaiokota. "Na hiyo unayotoboa?"

"Barua kwa Baraza. Nikusomee?" Hakusubiri jibu. Akaupeleka mkono kushoto, akasoma kwa kidole, sauti yake imenyooka.

"Mimi Ezekia Mligo, fundi baiskeli na mkanyagaji, ninaandika kusema kwamba alama mia tatu na kumi na mbili ina kosa, na kosa ni langu. Sikufanya kanyago la mvua, nikasema nimefanya. Juzi nilipoifunga niliandika matengenezo. Huo nao ulikuwa uongo, ninaufuta hapa. Mwalimu Oliva Nyagawa alihesabu sawasawa. Arudishiwe jina lake na kibali chake kabla hajatoka kitandani."

"Mzee," Ndunguru akasema taratibu, "unauchoma moto mji ulioujenga mwenyewe."

"Sijamaliza. Mwaka juzi mhandisi mwenye macho mawili alijenga tangi la maji, likapasuka, likabomoa nyumba saba. Mlimshtaki yeye. Sikusikia mtu akisema wahandisi wote washikwe mikono. Mimi nami ninadai kushtakiwa. Ninyang'anyeni ukanyagaji. Niiteni mbele ya Baraza niulizwe maswali mbele ya watu. Nihukumuni kama fundi aliyeharibu kazi, msinihukumu kama kipofu aliyeponzwa na upofu. Upofu haukuniambia niseme tayari. Kiburi ndicho kilichoniambia, na kiburi hata ninyi mnacho. Kanuni yetu ilijua hatari ile miaka mingi kabla ya kampuni yoyote. Aliyeivunja ni mtu. Mrekebisheni mtu. Unyayo uacheni ulipo."

Kidole kikafika mwisho wa nukta.

"Wenzako wanajua?" Ndunguru akauliza.

"Wengi wao wamenikataza."

"Na bado unapeleka? Mzee, huo si ubabe?"

Usiku kucha Mligo alikuwa amejiuliza swali hilo hilo, na hakulipenda.

"Labda," akasema. "Kama tungepiga kura juu ya njia, au ada, au mwenyekiti, ningenyenyekea. Lakini kosa langu si mali ya chama, hata likipigiwa kura. Hawawezi kuninunulia unyamavu kwa mguu wa Oliva. Ijumaa wakija kunitukana, nitawafungulia mlango."

"Baraza halina mtu wa kusoma nukta nundu. Andika kwa sauti, simu itageuza maandishi, dakika moja tu."

"Najua. Watafute msomaji. Mimi nimesomewa maisha yangu yote, kila hati, kila hukumu, kila kibali. Nao wasomewe mara moja. Wakae kimya wasikilize, waone inavyokuwa mtu kutegemea sauti ya mwingine."

Ndunguru akaikunja karatasi yake isiyo na dole, lakini hakuirudisha mkobani. Mligo akaisikia ikichanika, mara moja, mara mbili.

"Wakubwa zangu watafurahi na barua hiyo," akasema yule kijana. "Wataona umewapa ushindi bure."

"Waache wafurahi mpaka Ijumaa. Nenda sasa. Na hiyo soli, Mngoni, ilete nikushonee kabla hujaumwa na mafua."

Alipobaki peke yake aliongeza sentensi moja mwishoni, kwamba alama ya Ihela ikanyagwe upya na mtu mwingine, mvua ikinyesha, akakunja kurasa mbili, akazitia kwenye bahasha ya kaki. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Mligo akafungua kopo la solusheni, ile ya kubandikia viraka vya mipira, akapaka ukingo wote kwa kidole, akapuliza, akasubiri inate kama fundi anavyosubiri, kisha akakandamiza kwa nyundo ya mpira kutoka pembe hadi pembe.

"Hiyo hata wenyewe hawataifungua," Mama Sekela akasema.

"Wataifungua kwa mkasi. Wana mikono."

Alikwenda posta kwa miguu yake. Mvua ilikuwa imeanza tena, ndogo ndogo, na mjini alisikia sauti mbili tatu alizozifahamu zikimwita jina. Moja haikuwa sauti ya heri. "Mzee Tatu! Umetuuza!" Hakugeuka, wala hakukaza mwendo.

Dirishani alikuwapo msichana mpya. Aliipokea bahasha, akaigeuza.

"Babu, umeandika wapi? Sioni anwani."

"Iko juu. Pitisha kidole."

Msichana akapitisha. Akapitisha tena, polepole zaidi.

"Inasemaje?"

"Baraza la Mji wa Luhanga. Kwa haraka. Na chini yake jina la mtumaji, lote, lisifichwe. Andika na wewe kwa wino kwa ajili ya wenzako."

Kalamu ikakwaruza. Muhuri ukashuka juu ya bahasha, na Mligo akaisikia ikitupwa, ikigonga nyingine ndani ya gunia, na mdomo wa gunia ukivutwa kamba. Nje, gari la posta lilikuwa limekwisha kufunguliwa mlango.

"Imekwenda, babu," msichana akasema. "Hata ukitaka nikurudishie sasa, siwezi tena."

"Vizuri," akasema Mligo.